Uzito na Ukakamavu wa Mipini Mirefu ya Kusafishia Madirisha

Ndugu wanaoniandikia kutoka Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi kuniuliza ni mpini gani wanunue kwa ajili ya madirisha ya ghorofani huanza karibu wote na swali moja: una kilo ngapi? Ninaelewa swali hilo linatoka wapi, kwa kuwa mtu anayeshinda mchana kutwa akiwa ameinua mikono juu ya kichwa hulala usiku huku mabega yakimwuma, na kila gramu inayopungua huonekana kuwa rehema. Hata hivyo, naamini kwamba swali hilo likiulizwa peke yake humpeleka mnunuzi pasipofaa. Uzito wa mpini hauna maana kamili mpaka uambatane na ukakamavu wake, na ninaposema ukakamavu sizungumzii uwezo wa mpini wa kutovunjika, bali uwezo wake wa kubaki umenyooka pale unapobeba mzigo. Mpini mwepesi unaoinama na kuyumba humchosha mfanyakazi kuliko mpini uliouzidi kidogo kwa uzito lakini umenyooka, kwa sababu ule wa kwanza hula nguvu za mikono kabla hazijafika kwenye kioo.

Mimi nafanya kazi hii Uingereza, katika mji wa Reading ulio magharibi mwa London, na huku mipini mirefu imekuwa ndiyo zana kuu ya msafishaji wa madirisha. Kuna sababu mbili zilizoifikisha hapo. Ya kwanza ni kanuni za mwaka 2005 zinazohusu kazi za mahali pa juu, ambazo zinataka mtu asipandishwe juu iwapo kazi yenyewe inaweza kufanywa kwa njia nyingine inayowezekana, jambo lililowafanya wengi wapunguze matumizi ya ngazi. Ya pili ni maji safi kabisa, yaani maji yaliyoondolewa chumvi na madini kwa kuchujwa, ambayo yakikauka juu ya kioo hayaachi madoa. Kwa hiyo brashi iliyo kwenye ncha ya mpini hupokea maji kupitia mpira mwembamba, husugua, husuuza, na kioo hukauka chenyewe bila kufutwa. Nyumbani Afrika Mashariki bado wengi hutumia mpini wa alumini wenye manyoya ya kuoshea na mpira wa kukaushia, lakini majengo ya ghorofa mbili au tatu yenye vioo kuanzia chini hadi juu yameongezeka sana mijini, na vumbi pamoja na chumvi ya bahari havimsubiri mtu. Hesabu ya uzito na ukakamavu ni ileile kwa namna zote mbili za kazi.

Nitaanza na hesabu, kwa sababu bila hesabu mjadala wa mipini hugeuka kuwa mabishano ya majina ya kampuni. Chukua mabomba matatu yenye umbo moja: urefu wa mita 5, kipenyo cha milimita 30, na ukuta wenye unene wa milimita moja na nusu. La kwanza ni la alumini, la pili ni la faibaglasi, na la tatu ni la nyuzi za kaboni. Ukakamavu wa alumini ni takribani gigapaskali 70 (hicho ni kipimo cha ukakamavu wa kitu chenyewe; namba ikiwa kubwa, kitu ni kigumu kupinda). Faibaglasi nzuri ambayo nyuzi zake nyingi zimelazwa kwa urefu wa bomba hufika karibu 40. Na bomba la kaboni ya kawaida, baada ya kuhesabu gundi na zile nyuzi zinazozunguka upande wa pili, tunaweza kulihesabia gigapaskali 100. Kwa densiti za vitu hivyo, yaani uzito wa kila kimoja kwa ujazo uleule, bomba la alumini litakuwa na kilo 1.9, la faibaglasi kilo 1.4, na la kaboni kilo 1.1.

Sasa yashike mabomba hayo upande mmoja tu, uyalaze sawasawa na ardhi, kisha uangalie ncha zake. Kwa uzito wake pekee, ncha ya alumini itashuka sentimita 26, ya faibaglasi sentimita 33, na ya kaboni sentimita 11. Ukining'iniza brashi ya gramu 400 kwenye kila ncha, alumini itashuka sentimita 15 zaidi, faibaglasi 26 zaidi, na kaboni 10 zaidi. Kwa jumla ni sentimita 41, 59 na 21. Mtu aliyeuliza kilo tu angeamini kwamba faibaglasi imeishinda alumini kwa mbali, kwa kuwa imepunguza nusu kilo nzima; lakini mkononi angekuta kwamba ameuziwa mpini unaoinama karibu mara moja na nusu ya ule wa alumini. Kaboni ndiyo peke yake katika hizo tatu inayopunguza uzito na kuongeza ukakamavu kwa pamoja, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya bei yake kuwa mara kadhaa ya bei ya nyingine.

Katika hesabu hiyo kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kiasi ambacho bomba jembamba linashuka kwa uzito wake lenyewe hakitegemei unene wa ukuta wake. Ukiongeza unene mara mbili, ukakamavu unaongezeka mara mbili, lakini uzito nao unaongezeka mara mbili, na vitu hivyo viwili vinafutana. Unene husaidia tu dhidi ya mzigo wa nje, yaani brashi, msukumo wa mkono na upepo. Kinacholeta tofauti kubwa ni kipenyo. Ukitoka milimita 30 kwenda 36 bila kubadili unene wa ukuta, uzito unaongezeka kwa asilimia 20, ilhali mshuko wa ncha yenye brashi unapungua sana, kwa kuwa ukakamavu wa bomba hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo: sehemu ya mshuko inayotokana na brashi hupungua kwa zaidi ya asilimia 40, na ile inayotokana na uzito wa bomba hupungua kwa karibu asilimia 30. Kwa hiyo mpini mnene wenye ukuta mwembamba huwa bora kuliko mpini mwembamba wenye ukuta mnene, mradi tu kiganja kiweze kuuzunguka na ukuta usiwe mwembamba kiasi cha kubonyea kwenye vibano, yaani vifungo vinavyoshikilia vipande vya mpini visiteleze.

Jambo lingine ni kwamba vitu vingi tulivyozoea vinakaribiana kuliko tunavyodhani. Ukigawa ukakamavu wa chuma cha pua, alumini au mbao nzuri kwa densiti yake, unapata namba zinazokaribiana sana, na mwanzi haupo mbali nazo. Mabomba ya vitu hivyo yenye kipenyo kimoja yangeinama kwa uzito wake karibu sawasawa, ingawa la chuma lingekuwa na uzito unaokaribia mara tatu ya lile la alumini. Mwanzi wenyewe umeumbwa kwa namna ambayo mhandisi yeyote angeiheshimu: ni bomba tupu, nyuzi zake ngumu zaidi ziko karibu na ganda la nje ambako zinafanya kazi kubwa zaidi, na pingili zake huuzuia usibonyee. Fundi rangi anayefunga brashi yake kwenye mwanzi wa mita 4 hana zana duni hata kidogo. Anachokosa ni kuurefusha na kuufupisha, na pia mwanzi hunywa maji, ukawa mzito na hatimaye kupasuka. Kaboni ndiyo iliyotoka katika kundi hilo, kwa kuwa ukakamavu wake ukigawanywa kwa densiti huwa zaidi ya mara mbili ya alumini, na katika aina za juu ni zaidi ya hapo.

Niingie sasa kwenye mwili wa mfanyakazi, kwa sababu hapo ndipo kilo zilizoandikwa kwenye boksi zinapopoteza maana. Mpini ni wenzo. Mkono wako wa chini unashika kitako, mkono wa juu unashika mita moja mbele yake, na sehemu yote iliyobaki iko upande mmoja. Chukua ule mpini wa alumini wa mita 5 wenye brashi ya gramu 400, vyote pamoja kilo 2.3, uuinue kutoka ardhini ukiwa umelala. Uzito wa bomba unafanya kazi katikati yake, mita 2.5 kutoka kitakoni, na brashi inafanya kazi mwishoni, mita 5. Mkono wa juu utabeba sawa na mzigo wa kilo 6.75, na mkono wa chini utalazimika kukandamiza kitako kwa nguvu inayozidi kilo 4. Kwa mpini wa kaboni wenye brashi ileile, mkono wa juu utabeba sawa na kilo 4.75. Hizo ndizo kilo zinazoumiza bega, wala hazipatikani kwenye karatasi ya bei.

Angalia pia mchango wa brashi katika hesabu hiyo. Gramu 400 tu za brashi zinachangia kilo 2 katika zile 4.75, yaani zaidi ya asilimia 40 ya mzigo wote wa mpini wa kaboni. Kila gramu iliyo kwenye ncha ina nguvu ya gramu mbili zilizotawanywa kwa urefu wa mpini. Ukibadilisha brashi hiyo kwa nyingine ya gramu 250, mkono wa juu utashuka kutoka kilo 4.75 hadi kilo 4, na ncha itainama kidogo zaidi ya sentimita 17 badala ya 21. Brashi nyepesi hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mpini, na bado nawaona watu wanaotoa fedha nyingi kununua kaboni, kisha wanafunga juu yake brashi pana yenye ubao mzito, shingo ya chuma na viungio vya shaba. Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza itumike kwenye ncha: brashi nyepesi, shingo nyepesi, na kiungio cha plastiki ngumu.

Mpira wa maji nao usisahauliwe. Mpira wenye uwazi wa milimita 5 hubeba takribani gramu 20 za maji katika kila mita, hivyo mpini wa mita 10 huwa na gramu 200 za maji tu, kabla hujahesabu mpira wenyewe ambao mara nyingi huwa mzito kuliko maji yaliyomo. Kuchagua mpira wenye uwazi wa milimita 8 kwa kudhani kwamba maji mengi yatasafisha haraka hugeuza gramu hizo 200 kuwa 500. Kwa ghorofa mbili, mpira mwembamba unatosha, na ni afadhali upite ndani ya mpini kuliko kuning'inia nje, kwa kuwa ule unaoning'inia hukamata upepo na kuuvuta mpini upande mmoja.

Mpini ukisimama wima, hesabu inabadilika na kuwa ya huruma zaidi. Ukiegemea nyuzi 15 kutoka wima, nguvu zinazoupinda na kuuangusha zinabaki karibu robo ya zile za mpini uliolala. Ndiyo maana msafishaji mzoefu husimama karibu na ukuta kadiri mazingira yanavyomruhusu, na ndiyo maana pia mpini mrefu hauinuliwi kamwe ukiwa umelala kwa urefu wake wote. Unausimamisha ukiwa mfupi, kitako kikiwa chini karibu na mguu wako, kisha unavuta vipande juu kimoja baada ya kingine. Kushusha hufanywa hivyo hivyo kinyume chake. Mipini mingi ninayoiona imevunjika ilivunjika wakati wa kuinuliwa au kulazwa, si wakati wa kusugua.

Lakini hata mpini uliosimama wima unahitaji ukakamavu, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo. Unaposugua, unavuta mpini chini na kuusukuma juu, huku ukiukandamiza kuelekea kwenye kioo. Mpini unaopinda hupokea mwendo wa mkono wako kwanza kwa kujipinda. Mkono umekwishasogea, brashi bado imekaa palepale, kisha inaruka ghafla na kupita doa ulilokusudia kulisugua. Ukiwa na mpini laini wa urefu wa mita 8 au 9 unaweza kukuta sehemu nzuri ya mwendo wako inaishia kwenye kupinda na kunyooka kwa mpini wenyewe. Unafanya mikupuo mingi zaidi kwa dirisha lilelile, misuli ya kiuno na tumbo inakaza muda wote kuuzuia usiyumbe, na jioni unailaumu kazi kuwa ni nzito. Kwa wale wanaotumia mpira wa kukaushia kwenye mpini, jambo hili ni kubwa zaidi. Zana hiyo yenye ukingo mmoja wa mpira, ambayo Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia, aliisajili kwa hataza huko Oakland, California, mwaka 1936, iliundwa kushikwa mkononi, ambapo kifundo cha mkono hurekebisha pembe na msukumo katika kila sentimita. Ikiwa juu ya mpini, kifundo cha mkono kiko mbali, na ujumbe wake hufika kwenye kioo kwa kupitia bomba peke yake. Bomba likipinda, mpira unagusa upande mmoja na kuinuka upande wa pili, na mistari ya maji inabaki. Kwa kazi ya kukausha, afadhali mpini mzito usiopinda kuliko mwepesi unaopinda, na sioni sababu ya kusita kusema hivyo.

Urefu ndio adui mkubwa kuliko wote. Ukiongeza urefu mara mbili, ncha hushuka mara 8 kwa mzigo wa brashi na mara 16 kwa uzito wa bomba lenyewe. Lile bomba la kaboni lililoshuka sentimita 11 kwa mita 5 lingeshuka karibu mita moja na robo tatu kama lingekuwa na mita 10 kwa kipenyo kilekile. Hakuna kitu kinachoweza kuokoa mpini mrefu mwembamba, na kwa hiyo mipini ya mita 10 na zaidi huwa na kitako kinene, hali inayoongeza uzito chini, ambako kwa bahati nzuri uzito hauumizi sana. Kutokana na hesabu hiyo, namshauri kila mtu anunue mpini kwa urefu anaoutumia siku nyingi, si kwa jengo refu kuliko yote aliyowahi kuombwa kulisafisha. Mpini wa mita 12 ukifupishwa hadi mita 5 bado unabeba ndani yake vipande vyote ambavyo havijatolewa.

Hilo linatuleta kwenye vipande. Mpini wa kurefuka ni mabomba yaliyoingia moja ndani ya jingine, hivyo kila kipande kinachokwenda juu ni chembamba kuliko cha chini yake. Ikiwa kitako kina milimita 35 na kipande cha mwisho kina milimita 22 kwa unene uleule wa ukuta, kipande hicho cha juu kina robo tu ya ukakamavu wa kitako. Kwa kuwa vibano vyote hukusanyika karibu na mkono mpini ukiwa umefungwa, kwa kawaida vipande vyembamba huvutwa kwanza, la sivyo vibano vyao vingepanda juu visifikike. Matokeo yake ni kwamba mpini uliorefushwa nusu tu hutumia sehemu zake dhaifu. Wengi huondoa vipande vinene vya chini wanapofanya kazi ya ghorofa ya kwanza ili kupunguza uzito, na uzito kweli unapungua, lakini kinachobaki mkononi ni ile sehemu inayopinda kuliko zote. Kwa madirisha ya chini ningependelea kutoa vipande viwili vyembamba vya ndani kabisa na kufunga shingo ya brashi kwenye kipande kinene zaidi, iwapo muundo wa mpini unaruhusu. Mpini unabaki mfupi, mkakamavu, na hauna mzigo usiotumika.

Vibano vyenyewe vinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko bomba, kwa sababu ndivyo vinavyochakaa. Vipande viwili vinapokutana hupishana kwa sentimita kadhaa tu, na uwazi mdogo mahali hapo, hata wa nusu milimita, huonekana mara nyingi zaidi kwenye ncha iliyo mita kadhaa mbele. Mpini wa kaboni ya hali ya juu wenye vibano vilivyolegea huyumba kama wa faibaglasi, na mtu humlaumu mtengenezaji wa bomba bure. Mchanga ndio unaoleta ulegevu huo: huingia kati ya mabomba, hukwaruza, na kila mara unapovuta kipande unakisaga. Huko kwetu Pwani, ambako upepo hubeba mchanga na chumvi, mpini unapaswa kusuuzwa kwa maji safi na kufutwa kabla haujafungwa. Kibano chenye skrubu ya kurekebisha ni bora kuliko kile kisichoweza kukazwa, kwa kuwa plastiki huliwa taratibu na lazima mtu aweze kukikaza tena kadiri inavyolika.

Kuhusu maneno yaliyobandikwa kwenye mipini, naomba msomaji awe mwangalifu. Mpini unaouzwa kwa jina la mchanganyiko, yaani faibaglasi na kaboni kwa pamoja, unaweza kuwa na kaboni nyingi au kidogo sana, na jina halisemi ni ipi. Maneno "kaboni asilimia 100" yanahusu nyuzi tu, kwa kuwa kila bomba la namna hiyo lina gundi ya epoksi ndani yake, na kiasi cha gundi hiyo pamoja na mwelekeo wa nyuzi ndivyo vinavyoamua ukakamavu. Alama ya 3K inayosifiwa sana inaeleza kwamba kila fungu la uzi lina nyuzi nyembamba 3,000. Inaupa uso wa bomba ule mfumo mzuri wa kusukwa unaovutia macho, lakini haikuambii lolote kuhusu kupinda. Nyuzi zilizolazwa kwa urefu wa bomba ndizo zinazolinyoosha, nazo mara nyingi ziko chini ya tabaka hilo la urembo, hazionekani.

Kuna kaboni ya ukakamavu wa juu, ambayo nyuzi zake hufika gigapaskali 390 na zaidi, ikilinganishwa na takribani 230 za nyuzi za kawaida. Kwa mita 12 hadi 15 tofauti yake ni kubwa na hakuna mbadala. Kwa mita 6 sioni haja yake. Nyuzi hizo zikiwa kakamavu zaidi huwa pia nyepesi kuvunjika, na bomba jembamba lililotengenezwa kwazo halisamehe kugongwa kwenye ukingo wa ukuta, kukanyagwa, au kubanwa mno na kibano. Faibaglasi, kwa upande wake, huvumilia mengi: hupinda na kurudi, huanguka na kuokotwa. Kwa kijana anayejifunza kazi, au kwa timu ambayo zana hupita mikononi mwa watu wengi, naona faibaglasi ya mita 5 au 6 ni uamuzi wa busara ingawa inainama.

Yapo pia mambo ya umeme, na haya hayana mjadala. Alumini hupitisha umeme, na kaboni nayo hupitisha umeme. Wengi hudhani kwamba kaboni ni aina ya plastiki na hivyo haina hatari. Dhana hiyo inaweza kuua. Katika miji yetu nyaya za kilovolti 11 na 33 hupita karibu sana na baraza za majengo, na mpini unaopinda ni hatari zaidi kwa kuwa ncha yake haiendi pale ulipoikusudia. Faibaglasi safi na kavu huzuia umeme, lakini mpini wa kazi hii una maji ndani, una uchafu nje, na mara nyingi umelowa wote, hivyo usiuhesabu kuwa kinga. Palipo na nyaya karibu, kazi ya mpini isifanyike mpaka umeme uzimwe na wenye mamlaka nao.

Mtu akiwa dukani anaweza kujipimia mwenyewe bila chombo chochote cha gharama. Refusha mipini miwili unayoilinganisha hadi urefu mmoja, weka mita moja ya kitako juu ya meza imara na mwenzako aikandamize, ukiacha sehemu iliyobaki itokeze nje. Pima ncha imeshuka kiasi gani chini ya usawa wa meza. Kisha ning'iniza kwenye ncha chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni nusu kilo pamoja na gramu chache za plastiki, upime tena. Kipimo cha kwanza kinakuonyesha uzito na ukakamavu vikiwa pamoja, na ongezeko la pili linakuonyesha ukakamavu peke yake. Baada ya hapo zungusha mpini robo duara na urudie, kwa kuwa bomba lililotengenezwa vibaya hupinda zaidi upande mmoja. Mwisho utikise kidogo na usikilize viungo; sauti ya kugonga inatoka kwenye kibano kisichokaa vizuri. Muulize muuzaji pia kama kilo alizoandika ni pamoja na vibano, mpira wa maji, shingo na brashi, kwa sababu kila mtengenezaji huhesabu kwa namna yake, na mipini miwili iliyoandikwa kilo 2 inaweza kutofautiana sana ikiwa tayari kwa kazi.

Kwa anayekausha vioo vya maduka hadi mita 3, mpini wa alumini wa vipande viwili unatosha kabisa, na fedha ya ziada iende kwenye mpira mpya wa kukaushia. Kwa nyumba na ofisi zisizozidi mita 6, ningenunua kaboni ya kawaida ikiwa mfuko unaruhusu, na ikiwa hauruhusu ningechukua mchanganyiko baada ya kuupima kwa ile chupa ya maji, huku nikitafuta brashi isiyozidi gramu 300. Kwa mita 8 hadi 10 nisingekubali kitu kilicho chini ya kaboni yenye kitako kinene, hata kama ningelazimika kungoja miezi kadhaa nikusanye fedha. Mpini wa faibaglasi wa urefu huo unauzwa, lakini kuutumia siku nzima ni kuutesa mgongo. Zaidi ya mita 12 naona kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja akishika mpini na mwingine akiangalia ncha, nyaya na wapita njia.

Seti ya vibano vya akiba na skrubu zake inunuliwe siku ileile unaponunua mpini, kwa kuwa vipimo vya kampuni moja haviingii kwenye bomba la kampuni nyingine, na kuviagiza baadaye kutoka ng'ambo huchukua majuma ambayo mpini utakuwa umelala stoo.